Mstari Mwekundu kwenye Supachaja

Mikumi,
9 Agosti 1994

Kwa fundi Mathias,
Gereji ya nyuma ya stesheni, Kilosa.

Mdogo wangu na shemeji yangu mtarajiwa,

Marahaba kabisa, maana najua umeshanipa shikamoo yako hata kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima wa chuma. Mama mzima, ila miguu. Editha wako yuko Ruhembe kwa shangazi Filomena na cherehani yake, anawashonea wenzake magauni ya harusi huku la kwake akilificha hata mimi nisilione. Mikumi yote nzima, hadi twiga.

Mgonjwa ni mmoja tu, naye ni Ndege.

Unakumbuka nilivyokuachia mwezi wa saba: Hilux ya kijani, imepandikizwa injini ya Crown iliyofika ikiwa bado inanuka Japani, na ubavuni mwa injini ile supachaja, pampu ya kuishindilia injini hewa mpaka iseme basi. Hakuna pikapu nyingine yenye kitu hicho kuanzia Morogoro mpaka Makambako. Mimi darasa la saba, sawa, lakini nimesoma vibao vya barabarani vya nchi tatu. Nimeendesha malori Tunduma, Ndola, Lubumbashi. Nimetukanwa kwa Kifaransa nikajibu kwa Kinyakyusa tukaelewana. Najua ninachosema. Tangu ruhusa ya kuingiza magari itoke, kila mwenye shemeji Dar ana gari, ila yote yanakohoa. La kwangu lilikuwa linaimba.

Nilikuletea kwa sababu lilianza kusaga kidogo. Ukaifungua supachaja, ukabadilisha beringi za mbele, ukatia ile oili yake ya kichupa, ukanirudishia. Wiki mbili nikayapita mabasi mpaka abiria wakanipigia makofi madirishani. Sasa, tangu Alhamisi iliyopita, inalia. Si kuimba, kulia: uuuiii, kama mbwa aliyefungiwa nje. Nyuma moshi wa bluu. Na kwenye vilima vya njia ya kijiji chetu cha Ulaya, nimebeba nyanya za akina mama, nikapitwa na lori la magogo. Mathias! Dereva wa magogo alinipungia mkono!

Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, mtu mzima akimwuliza mtu mzima: supachaja uliyonirudishia ndiyo ile ile niliyokuletea?

Sina maana mbaya, ila nimeishi na watu. Ndola niliacha lori gereji nikaenda kula. Niliporudi matairi manne yalikuwa yangu na mawili ya mtu mwingine.

Barua hii anaileta Yassin, dereva wa basi la Kilosa. Nimeibandika gundi, halafu nimeishona kwa uzi mweusi, kwa sababu Yassin anasoma barua za watu kama gazeti. Uzi ukiwa umekatika, niambie.

Nakukumbusha pia kwamba matangazo ya ndoa yenu yanaanza kusomwa kanisani tarehe 21, Jumapili tatu mfululizo. Baba hayupo, kwa hiyo mwenye kusema "ndiyo" au "ngoja kwanza" ni mimi. Nakukumbusha tarehe tu, sina lingine.

Ni mimi kaka yako,
Deogratias
(Deo Ndege)


Kilosa,
13 Agosti 1994

Kaka Deogratias,

Shikamoo.

Barua imefika, uzi ukiwa mzima. Mpe mama pole ya miguu. Hapa tunaendelea vizuri, mvua hakuna.

Supachaja niliyokurudishia ni ile ile uliyoniletea.

Ikilia hivyo, mara nyingi ni mkanda umelegea, au beringi, au oili yake. Naomba uniangalizie. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukizama kupita upana wa kidole chenyewe, umelegea. Kisha vua bomba la hewa linalotoka kwenye supachaja kwenda kwenye injini, upitishe kidole ndani. Pakiwa pakavu ni vizuri. Pakiwa na oili, basi sili, zile pete za kuziba oili, zimeshindwa kuizuia, inavuja kuingia kwenye injini na kuungua humo. Huo ndio moshi wa bluu.

La mwisho naliuliza kwa heshima. Mtambo ule hautumii oili ya injini. Una oili yake nyepesi, tena kidogo sana, haijazi hata kikombe cha kahawa, imekaa chini ya kile kizibo chenye kijiti cha kupimia. Nilipokukabidhi gari nilikuomba usikiguse kizibo hicho. Je, kimeguswa? Na wewe, au na mtu mwingine yeyote?

Mpaka tujue, usiikimbize. Kila kilomita ikilia, mashine inajila yenyewe.

Msalimie mama.

Mdogo wako,
Mathias


Mikumi,
17 Agosti 1994

Fundi Mathias,

Marahaba.

Nimebonyeza mkanda: umekaza kama ngoma iliyotoka kuota moto. Nimepitisha kidole bombani: kimetoka kinang'aa kama nimetoka kula nyama ya Krismasi. Kwa hiyo sili zimeshindwa. Vizuri. Sasa nifundishe mimi mjinga: sili zilizokuwa zima mwezi wa sita, wewe ukaziona kwa macho yako mwezi wa saba, zimeshindwaje mwezi wa nane? Au zilizoshindwa si zangu?

Kuhusu kizibo: sijagusa. Naapa kwa kaburi la baba. Mimi wa kugusa kizibo nilichoambiwa nisiguse? Mtu anaibiwa kuku, anakwenda kutoa taarifa, anaulizwa kama amemla yeye!

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuku, sikia habari hii. Jumatatu Yassin aliegesha basi karibu na gereji yako kubadilisha tairi. Akasikia mluzi kutoka ndani. Si wa mtu, wa mashine. Mtamu, laini, unapanda polepole kama kwaya ya kina mama. Yassin amepanda gari langu mara ngapi? Anaujua mluzi wa supachaja nzima kama anavyoijua honi yake. Akasogea kuchungulia. Akakuona umeinama juu ya meza, kitu kinazunguka. Ulipomwona, ukafunga mlango.

Ukafunga mlango, Mathias. Gereji yenyewe ina mlango? Mimi siku zote nilijua ni bati tu lililoegeshwa!

Naomba unijibu kwa hesabu ndogo, ya darasa la pili. Kilosa nzima ina supachaja ngapi? Kama jibu ni moja, basi ni ya nani? Na kama jibu ni mbili, ipi ni nzima na ipi iko kwenye gari langu?

Bado nakupenda, ndiyo maana nauliza. Nisiowapenda huwa nawafuata na jeki.

Deogratias


Kilosa,
20 Agosti 1994

Kaka Deogratias,

Shikamoo.

Supachaja iliyoko kwenye gari lako ni yako. Ukitaka niape nitaapa, ila napendelea ulete gari, polepole, tufungue pamoja ukiwa umesimama hapo hapo.

Alichokisikia Yassin ni kweli, kilitoka kwangu. Nakuomba unisubirie. Nitakueleza baada ya harusi. Si jambo baya, lakini si la kuandika kwenye barua.

Kesho ni tangazo la kwanza. Nami nitakuwa kanisani huku.

Mdogo wako,
Mathias


Mikumi,
24 Agosti 1994

Mathias,

Marahaba, ya kawaida.

"Nitakueleza baada ya harusi." Sentensi hiyo nimeirudia mdomoni siku tatu na kila nikiitafuna inatoa mfupa. Mimi nimevuka mipaka mingi. Mtu akikwambia "nitakueleza tukishavuka", ujue kuna mzigo chini ya viti. Sasa dada yangu ndiye mpaka? Ukishamvusha ndipo unifungulie turubai?

Jumapili Katekista Damiano alisoma majina yenu. "Mwenye kujua kizuizi chochote aseme." Sikusema. Nilikohoa tu, kanisa zima likageuka. Ndivyo Mikumi ilivyofikia, siwezi hata kukohoa.

Sasa nakuletea ushahidi.

Jana nilimwaga petroli kwenye kopo, nikachukua mswaki, nikaisafisha ile supachaja yote kuanzia pulei, lile gurudumu la mkanda, mpaka mkiani, maana kama ni ya mtu mwingine lazima ina alama ya mtu mwingine. Na nimeiona! Kwenye kile kizibo chako kitakatifu kuna mstari mwekundu. Umeanza katikati ya kizibo, ukafika ukingoni, ukakatika. Kipande chake cha pili kiko kwenye bati la supachaja yenyewe, lakini hakikuelekea hapo. Kimekaa pembeni, kichwa huku, mkia kule, kama barabara na daraja vilivyojengwa na serikali mbili tofauti.

Mashine yangu haikuwa na mstari. Nilikuwa naifuta kila Jumamosi, naijua kama shavu langu. Kwa hiyo hii siyo.

Subiri, sijamaliza. Nikaukwangua kidogo kwa ukucha. Nikanusa. Mathias, hiyo si rangi ya gari. Ni rangi ya kucha! Nyekundu ile ya kuiva, aliyonayo Editha peke yake hapa nyumbani, aliyonunuliwa Morogoro, na ambayo tangu mwezi wa sita anasema imepotea. Sasa nina maswali mawili na sijui lipi linaniumiza zaidi. Supachaja yangu iko wapi? Na rangi ya kucha za dada yangu ilifikaje gerejini kwako kabla ya ndoa?

Tangazo la tatu ni Jumapili tarehe 4 mwezi wa tisa. Nikiwa sijapata majibu yaliyonyooka, Damiano akiuliza nitasimama. Na nikisimama mimi, unajua urefu wangu.

Deogratias


Ruhembe,
27 Agosti 1994

Kaka Deo,

Shikamoo. Mama amenitumia salamu na nimeambiwa yote, pamoja na kile kikohozi chako cha kanisani.

Rangi ni yangu. Haikupotea, nilisema imepotea kwa sababu ningesema nimempa mwanamume ungefanya hivi unavyofanya sasa. Mathias alikuja hapa mwezi wa sita kumsalimia shangazi. Akaona kucha zangu, akaniomba kichupa. Shangazi Filomena alikuwepo, tena ndiye aliyemwuliza, "Baba, na wewe unapaka?" Akaona haya, akasema ni ya kazini, rangi zote za dukani zinababuka kwenye joto la injini lakini hii haibabuki. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikampa. Basi. Hicho ndicho kilichofika gerejini. Mimi sikufika. Ukitaka, mwulize shangazi, ila ujiandae, ana mengi ya kukwambia.

Kitu kingine. Juzi nimekutana na Marko, yule rafiki yako wa matrekta ya miwa. Akaniuliza kama ile oili nzito uliyokuja kuchukua kwenye kidumu ilikutosha, au akutunzie nyingine. Nikamwambia sijui habari zake.

Ilikuwa ya nini, kaka?

Gauni langu limebaki kushonewa vifungo ishirini na viwili. Nimeshona sita nikaacha. Naona uvivu kushona vifungo vya harusi ambayo kaka yangu anataka kuikohoa.

Editha


Kilosa,
30 Agosti 1994

Kaka Deogratias,

Ninaandika kuhusu mstari.

Baba yangu, marehemu Stefano, alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Kilosa. Unamkumbuka. Kazi yao ilikuwa na desturi moja. Ukishafunga nati ya breki au kizibo ambacho hakitakiwi kuguswa, unachora mstari wa rangi mmoja, kutoka kwenye kizibo kuvuka mpaka kwenye chuma kilichokishika. Gari moshi linaondoka, linarudi baada ya mwezi. Mstari ukiwa umenyooka, hakuna aliyefungua. Ukiwa umekatika, kuna aliyefungua, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukifunga kizibo kikarudi pale pale pa kwanza. Hakukuwa na kelele wala viapo. Walikuwa wanautazama mstari tu.

Ni kama wewe unavyozishona barua zako kwa uzi.

Mwezi wa saba, nilipomaliza kutia oili ya kichupa, nilikifunga kizibo cha supachaja yako na kukichora mstari mwekundu. Ulikuwa mmoja, umenyooka. Sikukwambia, kwa sababu kwa desturi ya baba, fundi hamwambii mwenye gari. Mstari haukuwekwa kumshuku mtu, uliwekwa ili fundi asijidanganye.

Nilitaka kukuomba unisomee jinsi mstari ulivyokaa. Lakini umeshanisomea. Barua yako ya tarehe 24 iko hapa mezani. "Umekatika. Kichwa huku, mkia kule." Nimeisoma mara nne. Sijamwonyesha mtu.

Uliapa kwa kaburi la mzee. Mzee wako alinifundisha kuendesha baiskeli.

Sina zaidi. Jumapili ni tarehe 4. Kusimama au kukaa ni juu yako.

Mathias


Mikumi,
4 Septemba 1994, Jumapili, baada ya kanisa

Mdogo wangu Mathias,

Marahaba. Najua hukunisalimia. Barua yako nimeigeuza juu chini nikiitafuta shikamoo, nikatazama hata ndani ya bahasha. Haimo. Nimeitikia hivyo hivyo, labda iko njiani.

Ni mimi.

Sasa nimeliandika, acha nivute pumzi.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Julai. Nilifungua boneti nikakitazama kile kizibo, nacho kikanitazama. Nikaona nichungulie tu. Mikono ilikuwa na grisi, nikakifunika kwa kitambaa, nikakaza spana juu ya kitambaa, kwa hiyo mstari wako sikuuona, wala sikuwa na habari nao. Nikachomoa kijiti. Oili imegusa ncha tu! Nikasema moyoni: maskini Mathias, kichupa kilimpungukia, akaona haya kuniambia. Nikaona nikustahi. Ndiyo, cheka. Nilidhani nakustiri!

Nikaenda kwa Marko Ruhembe, akanipa oili ya gia za matrekta, nzito kama asali ya msituni. Nikamimina. Kijiti kikasema imetosha, nikaona kijiti nacho kina uchoyo wa kwenu. Nikamimina mpaka ikafika mdomoni, ikatoka machozi pembeni. Unanijua. Kwangu chai inajaa mpaka kwenye sahani. Kwa mama yangu mgeni akipewa kikombe nusu anajua amefukuzwa. Ile mashine ilikuwa mgeni wangu kutoka Japani, nikaishibisha mpaka nikaipasua utumbo.

Ulipoanza kuniuliza habari za kizibo, moyo ulishajua. Ni mdomo uliokataa kupokea taarifa. Nikaapa. Halafu nikawa na haja ya mwizi, maana mtu akishaapa lazima apatikane mwingine wa kubeba. Yassin akaniletea mluzi, nikaudaka kwa mikono miwili. Na barua ya Editha ilipofika na habari za Marko, niliikunja nikaiweka chini ya godoro la mama, nikidhani yatakwisha.

Sasa sikia ya leo. Katekista Damiano akasoma majina yenu. "Mwenye kujua kizuizi chochote aseme." Nikasimama. Sijui miguu ilitumwa na nani. Mama akanishika koti kwa nyuma. Editha alikuwa amekuja, yuko mstari wa mbele wa kwaya, ameweka mkono mdomoni. Nilikusudia, naomba uniamini hata kama huna sababu, nilikusudia kusema mbele ya watu wote kwamba mwizi niliyemtafuta mwezi mzima nimempata na amevaa suruali yangu. Nikafungua mdomo. Ukatoka na haya: "Natangaza kwamba siku ya kumuaga dada yangu, badala ya ng'ombe mmoja, watachinjwa wawili!"

Vigelegele vikapasuka. Damiano akasubiri viishe, akasema, "Ndugu Deogratias, hicho si kizuizi. Kaa." Nikakaa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najitazama. Mtu ametakiwa amimine neno moja dogo, kiasi cha kikombe cha kahawa, amewamwagia watu ng'ombe wawili. Ndio ugonjwa ule ule.

Neno lenyewe ni hili, nalitia kwa kipimo chako, hadi kwenye alama ya kijiti: nisamehe.

Jumamosi ndiyo harusi na sijui nimlete Editha Kilosa kwa gari gani. Ndege inalia kama msiba. Yeye ameapa kwamba na shela yake hapandi basi la Yassin.

Kaka yako, ukitaka bado,
Deogratias


Kilosa,
6 Septemba 1994

Kaka Deo,

Shikamoo.

Ile ya barua iliyopita niliiacha makusudi. Pokea mbili.

Barua yako nimeiweka na nyingine. Sitamwonyesha mtu isipokuwa Editha, ambaye naona alishajua kabla yangu.

Sasa na mimi nifungue kizibo changu, nisikungojeshe mpaka baada ya harusi.

Ulipokubali kunipa gari, ulisema pale stendi mbele ya watu, "Mathias anaijua supachaja kama anavyoijua sala ya Baba Yetu." Watu wakanitazama. Kaka, sikuwahi kuifungua supachaja hata moja. Nilishindwa kukwambia, umeshanisifia na mimi namtaka dada yako. Nikakimbilia Morogoro, kwa wauza spea chakavu, nikapata supachaja iliyokufa ya Crown iliyogongwa. Nikaileta kwenye gunia. Nikajifunzia hiyo kwanza. Ndani mna vyuma viwili kama vibawa, vinazunguka vikikaribiana bila kugusana hata kwa unene wa karatasi. Mara tatu nilivipanga vikakwaruzana. Mara ya nne vikakubali, ndipo nikagusa ya kwako. Hata kichupa cha rangi nilikuwa nacho kabla gari halijafika, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Ile iliyokufa nimeendelea nayo. Siku aliyopita Yassin nilikuwa nimeifunga kwenye mota ya jirani wa mashine ya kusaga, na kwa mara ya kwanza iliimba. Nilifunga mlango kwa sababu sikutaka mtu aone ninajifunza kitu ulichowaambia ninakijua. Kwa hiyo ulikuwa na haki ya kunishuku. Ulishuku kitu kingine tu.

Jumamosi uje na Ndege. Kwenye pua ya supachaja, nyuma ya pulei, kuna waya mmoja. Chomoa, uufunge pembeni usiguse chuma. Mkanda utazungusha pulei peke yake, mtambo wenyewe utalala. Gari litakuwa zito kama trekta lakini litafika. Usipite hamsini, hata ukipitwa na nani. Wiki inayofuata utaniachia, nitatengeneza moja kutoka kwenye hizo mbili.

Na kaka, ng'ombe wawili ni wengi. Lakini naona tumechelewa.

Mdogo wako,
Mathias


Mikumi,
2 Oktoba 1994

Kwa Mathias na Editha,
Kilosa.

Marahaba, nimehesabu, mbili.

Mathias, najua Editha hajakusimulia safari ile vizuri, wanawake wakiwa na shela hawatazami barabara, ngoja nikupe mimi. Nimeendesha nchi tatu lakini sijawahi kuendesha kama Jumamosi ile. Nilichomoa waya, nikaufunga kwa utepe wa maua ya bibi harusi. Arobaini na tano, sikuzidi. Yassin akanipita, akasimama mbele ili anipite tena. Lori la magogo likanipita, yule yule, akapunga mkono nami nikampungia. Kabla ya kufika Ulaya, mzee mmoja na baiskeli na gunia la mkaa akateremka kilima akatupita, akavua kofia kwa bibi harusi. Nikashika usukani kwa meno. Mama nyuma akasema, "Deo, leo ndiyo siku ya kwanza nimeona kwamba njia hii ina miti."

Tangu hapo Mikumi wameniita Deo Konokono. Nimelikubali, nimelipaka na ubavuni mwa gari, chini ya Ndege. Mtu mkubwa anabeba majina mawili.

Tangu Jumatano uliponirudishia, inaimba tena. Laini, kama alivyosema Yassin. Nimepita vilima vyote na nyanya na akina mama na sikumpungia mtu, nimejifunza adabu.

Nimeona pia kichupa ulichoniachia kwenye kidroo cha mbele, pamoja na karatasi yako: "Ukitaka kufungua, fungua, mashine ni yako. Ukishafunga, chora." Nimekaa nayo sana karatasi hiyo. Mtu aliyedanganywa hivi kwa kawaida anaongeza kufuli. Wewe umenipa brashi.

Jana nilifungua boneti. Marko alikuwa amenitumia kidumu kingine, yeye naye ana mkono wangu, nacho nilikuwa nimekishika. Nikakitazama kizibo, nacho kikanitazama. Nikafunga boneti. Kidumu nimekirudisha Ruhembe, kikanywewe na matrekta.

Jumapili ijayo mje mle. Mama anawataka, na robo ya ng'ombe wa pili bado ipo, tumeikausha. Chai mtaikuta imefika kwenye sahani, huko fundi hana amri. Na mstari, Mathias, ni mmoja, umenyooka. Siapi. Mje mfungue boneti mwone wenyewe.

Kaka yenu,
Deo

Nyongeza: Bahasha hii sikuishona. Yassin, ukishasoma mpaka hapa, na wewe karibu Jumapili.